Tone Chini ya Gari

Jiwe lilivunja ekseli katikati ya korongo kavu, na gari likakaa kitako kama mgeni aliyeambiwa ajisikie yuko nyumbani.

Lilikuwa gari la kulala la watalii, lenye kitanda, jiko na bafu la maji moto. Dereva Wilbard alikuwa akilirudisha Same kutoka Ziwa Jipe, na mpishi wake Eva ndiye abiria pekee. Mtandao hakuna. Nyika yote hadi Kwakoa ilikuwa miiba na vumbi. Hata nzi walionekana kutafuta lifti.

Kesho yake Eva alifungua bomba la jikoni. Likakohoa hewa.

Wakachungulia chini. Vali ya hita ya maji moto ilikuwa ikidondosha maji tone, tone, na mchanga ukiyameza bila shukrani.

"Nilikuambia pampu ya maji inakoroma yenyewe, bomba limefungwa!" Eva alifoka. "Ukasema tone tu."

"Kwetu Vudee, milimani, mfereji unatiririka mchana kutwa. Nani anashughulika na tone?"

"Basi panda Vudee ukanywe!"

Tangi lilikuwa tupu. Maji yaliyobaki yalikuwa ndani ya hita, nayo yalikuwa yakienda. Wilbard alijiburuta chini ya gari na spana. Mawe yakamchoma mgongo. Akakaza vali, tone likazidi.

"Mchanga umekwama ndani," Eva alisema, akiwa amelala kifudifudi pembeni. "Inua kishikio cha vali, maji yausukume nje, kisha achia."

"Nimwage? Dada, una wazimu? Tutakunywa nini?"

"Usipomwaga kidogo, yatakwisha yote."

Matawi yakavunjika nyuma yao. Tembo dume, mbavu nje kwa ukame, alikuwa akija na mkonga ukinusa mchanga uliolowa.

Eva akarukia ndani. Wilbard hakuwahi. Aliona miguu minne ikisimama karibu na uso wake, kisha mkonga ukapapasa tope kando ya bega lake. Gari likayumba. Pua ya Wilbard ikajaa harufu ya mnyama. Tone likamdondokea mdomoni, akalimeza, na hapo akainua kishikio.

Maji yakaruka, yakamlowesha tembo usoni. Mnyama akapiga ukelele, akapiga ubavu wa gari teke, akarudi nyuma. Wilbard akaachia. Vali ikalia *tak*.

Akasubiri. Hakuna tone.

Tembo alifyonza tope, akalitazama gari kwa chuki, akaondoka.

"Uko hai?" Eva aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nusu. Nusu nyingine ameikanyaga kwa kuitazama."

Walikunywa maji ya hita kwa kifuniko cha chupa, siku ile na iliyofuata, midomo ikipasuka, bila kugombana. Matusi hukausha koo. Jioni lori la mifugo likatokea. Dereva wake, Lukasi, akashuka na dumu la maji, akafungua koki yake, akaanza kunawa mikono taratibu huku akiwapa pole.

"Funga!" wakapiga kelele kwa pamoja.

Lukasi akafunga. Wilbard akapiga magoti, akakinga kiganja chini ya koki, akingoja tone la mwisho lidondoke.