Jiwe Lenye Alama ya Mama

Walianza kwa kugombea uzi wa kupimia. Ulikuwa umebaki mmoja tu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, foleni imefika mlangoni, na fundi mmoja na dada mmoja kila mtu ameshika ncha yake.

"Dada, gauni la njano namna hiyo na uzi wa mafundi, wapi na wapi?" fundi alimtania.

"Tazama miguu, kaka." Chini ya gauni alivaa mabuti ya mpira yaliyojaa matope.

Kumbe walikuwa wanaenda mahali pamoja. Dada huyo ndiye mbunifu wa bustani ndogo iliyokuwa ikitengenezwa katikati ya mji, palipokuwa uwanja wa madobi. Fundi ndiye aliyepewa kazi ya mawe. Miezi minne baadaye walikuwa wakiitana "mpenzi" mbele ya vibarua bila haya.

Mawe ya kufulia yalikuwa arobaini. Kila moja lilikuwa na bonde lililochimbwa na miaka ya kusugua, na alama ya dobi wake. Moja lilikuwa la mama yake mbunifu, ambaye sasa haoni tena, na binti alikuwa amemwahidi kwamba siku ya ufunguzi ataligusa. Hakumwambia mtu, hata fundi, asije akasemwa anamjengea mama yake bustani. Kwenye mchoro aliandika tu: mawe ya zamani yatandazwe njiani.

Siku moja kabla ya ufunguzi, saa nne asubuhi, alikuta njia imesawazishwa kama meza. Hapana bonde, hapana alama.

"Umeyasaga!"

"Mpenzi, nisikilize..."

"Usiniite mpenzi! Umemfuta mama yangu!"

Akaondoka akilia. Simu iliita mara sita, hakupokea. Ya saba aliipokea ili amtukane vizuri.

"Sijayasaga, nimeyageuza!" fundi alisema akihema. "Bonde linatuamisha maji, ndivyo tulivyofundishwa. Alama ziko chini, zimelalia saruji mbichi. Ikifika saa nane imeshashika. La mama ni lipi?"

"Duara lenye mikia mitatu. Anza, nakuja!"

Walifukua kwa mitaimbo, kila mmoja akiangalia saa. La ishirini na tisa lilipogeuzwa, duara lilionekana, na ufa umelikata katikati.

"Nimelipasua," fundi alisema kwa sauti ndogo. "Mtaimbo wangu huu."

Mbunifu alilifuta saruji kwa kiganja, wakalirudisha alama ikiwa juu. Usiku ule hakulala kwa kuwaza atamwambia nini mama yake.

Kesho yake mama alikuja na kilemba cha buluu, akaketi chini bila kusaidiwa. Vidole vyake vilizunguka duara, vikafika kwenye ufa, vikasimama.

"Nani kalipasua?"

"Ni mimi, Mama," fundi aliwahi. "Nisamehe."

Mama akacheka mpaka kilemba kikalegea. "Acha uongo, mwanangu! Ufa huu ni wangu. Uchungu wa huyu binti ulinishika nikiwa hapa hapa, nikaangusha pasi ya mkaa." Akageukia ilikotoka sauti. "Unabeba kosa lisilo lako. Una mke?"

"Bado, Mama. Nasubiri mtu aniite mpenzi tena."

Mbunifu alikuwa anafuta machozi kwa mkono wenye matope.

"Mpenzi," alisema, "sogea ukae. Mama hajamaliza kukuhoji."