Nilipiga Kelele ya Gesi, Wakanipigia Makofi

Nilipiga kelele mpaka koo likauma.

"TOKENI! GESI INAVUJA! TOKENI NJE!"

Na watu wote waliojaa kibandani kwangu... wakapiga makofi.

Wengine walipanda juu ya viti, simu hewani, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Msichana mmoja wa mbele akapaza sauti, "Ongeza, Mzee Matusi! Ongeza!"

Nikamtazama mke wangu Celestine. Alikuwa amesimama karibu na jiko, simu mkononi, amenielekezea mimi.

Na yeye pia alikuwa anacheka.

Akaniambia kwa midomo tu, bila sauti, "Hapo sasa!"

Jamani, hayo maneno mawili yananiamsha kila siku. Kaa nikueleze tulifikaje hapo. Hasa wewe mwenye kiduka, saluni, au kibanda kama changu, unayeambiwa asubuhi na jioni kwamba usipoingia mtandaoni umekwisha.

Naitwa Wandera. Mimi Mluhya wa Busia, upande wa Kenya, ila Kampala nimekaa mpaka watu wa mtaa wetu wa Nateete wananisalimia kwa Kiganda kwanza. Nilikuwa na kibanda cha chakula nyuma ya steji ya teksi. Ugali, sukuma, matumbo, maharage, chapati. Celestine anapika, mimi napakua.

Na nikipakua, natukana.

"Okidi! Polisi mzima unakula kama umetoka jela jana!"

Okidi ni askari polisi, Mwacholi wa Kitgum, mrefu, mpole kuliko sare aliyovaa. Alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. Na mimi huku mdomo unamtukana, mkono unamwongezea mchuzi.

Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yangu. Simtukani mtu nisiyemjua, na simtukani mtu bila kumwongezea upawa mmoja. Fundi wa magari aliyekosa kazi wiki nzima ndiye aliyetukanwa kuliko wote. Watu wa meza ya jirani walicheka tu, hawakujua kwamba anasaidiwa. Yeye mwenyewe alijua.

Okidi alikuwa na kikombe chake cha bati, kimetundikwa kwenye msumari ukutani. Hakuna mtu mwingine aliyekigusa.

Halafu ng'ambo ya barabara ikafunguliwa hoteli kubwa. Vioo, taa za rangi, muziki. Meza zetu zikaanza kubaki wazi, na Celestine akaanza kukosa raha.

"Baba Dolphine, tuingie mtandaoni."

Dolphine ni binti yetu, anasoma Busia, anakaa na bibi yake.

"Huko mtandaoni watu wanakula?" nikamwuliza.

"Wanaona, halafu wanakuja kula."

"Mimi na kamera hapana."

Akarudi kwenye sufuria zake. Nikadhani yameisha.

Kumbe!

Mke wangu wa ndoa alinirekodi kwa siri. Aliificha simu kati ya mkebe wa chumvi na mkebe wa majani ya chai. Siku hiyo nilikuwa namwambia Okidi, "Kula polepole! Hiyo sahani haitoroki kama wezi wako!"

Kesho yake simu ya Celestine haikutulia. Klipu imezagaa Kampala nzima, imevuka na mpaka. Dolphine akapiga kutoka Busia, "Baba, mpaka mwalimu wetu anakuangalia!"

Nilipandwa na hasira!

"Celestine, unanipiga picha kwa kunivizia kama mimi ndiye mwizi?"

Akafungua mlango tu.

"Angalia nje."

Foleni... Wallahi foleni mpaka kwenye mtaro!

Nawaambia ukweli, hasira iliisha hapo hapo. Nilifunga aproni, nikaanza kupakua. Kwa muda fulani ilikuwa raha. Chakula kinaisha kabla jua halijapinda, Celestine anaimba, mimi nimeshapewa jina, Mzee Matusi. Nilimwambia mke wangu mimi mwenyewe, "Ulikuwa na akili kuliko mimi."

Halafu nikaanza kuona mambo.

Wale watu hawakuwa wanakula. Vijana wamejaa meza nzima, wameagiza sahani moja. Wanaipiga picha, inapoa, wanaiacha. Walichofuata ni kutukanwa.

"Mzee, nitukane, sema mimi ni mnene!"

"Mtukane mpenzi wangu, leo kazaliwa!"

Siku moja akaja binti anaitwa Rukiah, mwenye ukurasa wake na wafuasi kibao. Akachukua sahani ya maharage, ya moto kabisa... akaimwaga miguuni pangu.

"Haya, tukana sasa!"

Simu zote juu. Wananisubiri.

Nilimtazama yule mtoto wa watu. Simjui. Sijui kwao wapi, sijui kama jana alikula. Tusi halikuja. Nikainama nikaanza kuokota maharage.

Wakazomea. "Feki! Mzee Matusi feki!"

Walipoondoka, Celestine akanivaa.

"Kwa nini umenyamaza?"

"Nimwambie nini mtu nisiyemjua?"

"Chochote! Wametoka Mukono kwa ajili yako!"

Basi, nikaanza kutukana watu nisiowajua. Na mkono haukumwongezea mtu mchuzi tena, maana ulikuwa umeshika kipaza sauti alichoninunulia Celestine.

Hata jiko lilibadilika. Moshi wa makaa unaharibu picha, Celestine alisema, kwa hiyo akaleta mtungi wa gesi na jiko lake. Tukabakiza sigiri moja tu ya makaa, pembeni, kwa ajili ya maharage.

Siku hizo hizo Okidi akaja. Kiti chake kilikuwa kimekaliwa, akasimama mlangoni. Hakuagiza kitu. Alinyoosha mkono juu ya vichwa vya watu, akachukua kikombe chake.

"Afande, vipi? Umehamishwa?"

"Hapana. Nachukua tu kikombe yangu."

"Kwa nini?"

Alikigeuzageuza mkononi kwanza.

"Wandera, wewe rafiki yangu. Lakini ile maneno ya sahani, sasa kambi yote nasema. Mkubwa yangu nasema. Juzi nashika mwizi pale soko, yeye naniambia, 'Afande, sahani haitoroki.' Watu yote nacheka. Na mtoto yangu..."

Akakifuta kikombe kwa kiganja.

"Okidi, mimi sikujua kama narekodiwa!"

"Najua, ssebo. Lakini hapa siwezi kula tena. Watu naangalia mdomo yangu."

Akaondoka. Nilitaka kumfuata, lakini nyuma yangu walikuwa wanapiga meza, "Mzee! Mzee! Mzee!" Nikarudi kwao.

Fundi wa magari naye akapotea. Wapakiaji wa sokoni wakapotea. Hakuna aliyeaga. Niliwaona ng'ambo kwa muuza chapati, wanakula kikomando wamesimama, chapati na maharage, wameipa barabara migongo. Kwangu kulikuwa na viti vipya.

Na wageni nao, je? Wakachoka! Mtandao ukampata mtu mwingine, sijui bibi gani anayecheza na mbuzi. Komenti zikaanza, "Huyu mzee amechuja."

Asubuhi ya siku ile ya gesi tuligombana.

"Umekuwa baridi!" Celestine alisema. "Wanasema umechuja!"

"Nimechoka, Mama Dolphine."

"Sasa turudi wapi? Wale wa zamani wamekwenda! Hawa ndio tuliobaki nao!" Machozi yakamtoka. "Rukiah anakuja leo, anaenda laivu. Paza sauti kama ile ya zamani. Mara moja tu... nakuomba."

Alikuwa ananiomba kweli. Hakuwa mtu mbaya, nisikilizeni. Alikuwa mwanamke anayeogopa kufunga kibanda na kurudi Busia mikono mitupu.

"Nitajaribu," nikamwambia.

Mchana Rukiah akaja na kundi lake. Kijana wao mmoja akaona mtungi wa gesi unamzibia nafasi ya kusimamisha simu. Hakuuliza. Akauvuta pembeni.

Mpira wa gesi ukachomoka.

Nikasikia ssssss... Nikasikia harufu. Nikatazama sigiri, makaa mekundu, na Celestine yuko katikati.

Nikapiga kelele. Yaliyofuata nimeshakuambia. Makofi. "Ongeza!" "Hapo sasa!"

Niliparamia meza kumfikia mke wangu. Sikumfikia. Kitu kililipuka BUUU! na kibanda chote kikawa rangi moja.

Hapo ndipo waliponiamini! Walinikumba, wakanitoa nje nao kama takataka kwenye mafuriko, na mimi napiga makelele, "Celestine! Celestine!" Wengine walikuwa wanakimbia huku bado wanarekodi.

Nilipogeuka nirudi ndani, mtu mmoja alinipita anakimbia kuelekea motoni. Koti la polisi kichwani, limelowa maji.

Akapotelea kwenye moshi.

Alipotoka, alikuwa amembeba mke wangu.

Okidi! Alikuwa ng'ambo kwa muuza chapati, anakula amesimama.

Jioni tulikaa kwenye benchi la hospitali, yeye mikono imefungwa bandeji, mimi sina hata mkwaruzo. Nikamwuliza kitu kilichokuwa kinanitafuna.

"Okidi, muuza chapati anasema ulilowesha koti kabla gesi haijalipuka. Ulijuaje? Kila mtu alidhani ni mchezo. Hata Celestine alidhani ni mchezo!"

Alinishangaa.

"Wewe haukutukana mtu."

"Nini?"

"Siku yote wewe napiga kelele na matusi. 'Tokeni wajinga, tokeni mbuzi hii.' Leo nasema tokeni tu. Mimi nakula kwako miaka mingi, Wandera. Ukisema bila matusi, najua kuna shida."

Nililia kama mtoto pale kwenye benchi. Katika mji huu mzima kulikuwa na watu wachache walioijua sauti yangu, na hao ndio tuliowafukuza ili tupate wengi.

Sasa hivi pale kibandani pamebaki majivu na ule ukuta wenye msumari. Mwenye kiwanja amesema nisirudi. Klipu ya moto imetazamwa kuliko zote, imeipita hata ile ya sahani. Komenti ya juu kabisa inasema, "Kiki kali! Hawa wanajua kuigiza!" Dolphine aliiona hiyo klipu shuleni, kabla sijapata moyo wa kumpigia simu.

Na bado wapo wanaokuja kupiga picha na majivu.

Celestine ameungua mikono yote miwili, shingo, na upande mmoja wa uso. Daktari anasema vidole havitashika sufuria tena. Alikaa siku nyingi bila kusema neno. Mimi nilikaa pembeni, nimeshamsamehe, nasubiri tu asikie.

Asubuhi moja midomo ikacheza. Nikainama haraka. Nilidhani anataka maji.

"Baba Dolphine..."

"Nipo. Nipo hapa, mama."

Akavuta pumzi kwa shida.

"Wangapi... wangapi wameona?"

Nikamfunika shuka vizuri, nikatoka nje kusimama.

Kwa hiyo unayeniuliza kama matangazo ya mtandaoni yanamfaa mfanyabiashara mdogo, mimi sijui ya kwako. Labda unauza viatu, labda yatakubeba. Mimi yaliniletea macho, na macho hayali ugali. Kabla hujawasha kamera, geuka utazame nani ameshakaa hapo kwako, anakuja kwa sababu gani, na kama hicho anachokifuata kitabaki ukishawaita wengine. Mimi sikugeuka. Sasa sina wa kumpakulia, na mkono uliokuwa unapika hauwezi kushika kijiko.

Huu ni ukurasa ule ule wa Mzee Matusi. Nimeufungua kwa simu ya Celestine, iliyotoka motoni nzima wakati yeye hakutoka mzima, na ninaandika kwa mara ya mwisho. Najua chini hapa mtaandika "kiki." Mtaandika "ongeza."

Rudini mkasome tangu juu. Nimewaandikia nyinyi haya yote, na sijamtukana hata mmoja wenu.

Okidi angeelewa.