Nakala Ambayo Hatukuwahi Kuijaribu

Kazi yetu ni ushonaji. Dada yangu hukaa kwenye cherehani, mimi hukaa kwenye kompyuta. Chumba ni kimoja tu, mlango unatazama barabara. Mteja akiingia, dada anampima kwa utepe huku akinitajia: bega kumi na tano, kiuno thelathini. Mimi naandika. Zamani tulikuwa na daftari, likamwagikiwa chai. Tangu tupate kompyuta, vipimo vyote vimo humo, pamoja na picha za kila gauni lililokamilika. Picha ni kazi yangu, na sikuwa mchoyo wa picha.

Kila Ijumaa nilichomeka diski ndogo ya nje, na programu ikanakili kila kitu. Tuliiita nakala ya akiba. Kompyuta ikifa, akiba ipo.

Kisha kikaanza kutokea kisanduku cha maneno ya Kiingereza. Kilikuwa kinaziba vipimo, na mteja amesimama ananisubiri. Nilibonyeza oke, kikaondoka. Ijumaa nyingine kikarudi, nikakiondoa tena. Sikumwambia mtu.

Jumanne moja kompyuta haikuwaka. Wiki iliyotangulia tulikuwa tumewapima wanafunzi arobaini na sita wa chuo cha uuguzi. Jumatatu iliyokuwa ikija walitakiwa kuingia wodini wakiwa na sare zetu. Vitambaa vilikuwa mezani, hakuna hata kimoja kilichokatwa.

Dada hakushtuka. "Si tuna akiba?" akasema, akaendelea kutunga uzi.

Jirani yetu wa mlango wa tatu ni fundi wa kompyuta. Mtaa mzima unamwita Taratibu, kwa sababu neno hilo halimtoki mdomoni. Alifungua kompyuta, akasema diski ya ndani imekufa, akaweka nyingine. Kisha akachomeka ile ya nje na kuiambia programu iturudishie vitu vyetu.

Ikaanza kuhesabu kwa asilimia. Dada alikuwa akiuliza bila kugeuka imefika ngapi. Ishirini. Arobaini. Ilipofika sitini na tatu ikasimama, ikaandika kwamba imeshindwa. Taratibu akaanza upya. Sitini na tatu tena. Mara ya tatu ilikula mchana wote, ikakomea palepale. Dada akageuka, akajionea mwenyewe. Akazima pasi, akavua viatu, akakaa juu ya bunda la vitambaa. Alisema amechoka kudanganywa na mashine.

Taratibu akauliza kama programu iliwahi kutuonya. Dada akasema haijawahi. Mimi nilikuwa nauzungusha utepe mkononi. Kunyamaza kungekuwa rahisi, maana lawama zote zilikuwa zimeshabebeshwa programu.

"Kuna kisanduku kilikuwa kinatokea," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuwa nakiondoa."

"Tangu lini?" dada akauliza.

"Tangu mvua zianze."

Akahesabu kwa vidole. "Miezi mitano, mdogo wangu. Na mimi nakaa hatua mbili kutoka hapo."

Taratibu hakumkaripia yeyote. Alisema picha zilikuwa zimejaza diski. Kila Ijumaa programu ilianza kunakili, ikakosa nafasi, ikaishia njiani. Kisanduku kilikuwa kinasema hivyo tu. Sasa ilikuwa inajaribu kurudisha nakala ya mwisho, ambayo ni kipande. Akauliza kama tuliwahi kurudisha hata faili moja, kwa kujaribu.

"Tujaribu ili iweje, na kompyuta ilikuwa nzima?" dada akasema.

"Taratibu, shemeji. Wewe unamkabidhi mteja gauni bila kumvalisha kwanza?"

"Wapo mafundi wanaofanya hivyo."

"Basi kwa kompyuta, mafundi hao ni nyinyi."

Dada akacheka kidogo, cheko la mtu aliyechoka. Taratibu akatafuta kwenye diski hiyohiyo nakala ya zamani, ya kabla ya mvua, iliyokuwa nzima. Hiyo ikafika mia. Wateja wa zamani wakarudi. Wa miezi mitano hawakurudi, na wauguzi wetu wote walikuwa miongoni mwao.

Kesho yake tulienda chuoni na utepe. Nilijua dada atanitaja mbele ya mkuu wa chuo. Alisema tu, "Tumepoteza vipimo." Wanafunzi wakapanga foleni tena. Mmoja akatuuliza kama tunadhani amenenepa tangu wiki iliyopita. Tulishona siku nne, vidole vikavimba. Jumatatu asubuhi arobaini na wanne waliingia wodini na sare. Wawili walipata zao mchana, na dada alizipeleka mwenyewe kuomba radhi.

Sasa tuna diski mbili za nje. Moja iko dukani, nyingine iko kwa mama, ili mwizi au moto usichukue zote. Kisanduku kikitokea, siondoi kitu. Nanakili maneno yake kwenye karatasi, herufi kwa herufi, nampelekea Taratibu. Na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi tunarudisha faili moja kwenye kompyuta yake, tunaifungua, tunaisoma. Anasema akiba ambayo hujaifungua ni matumaini tu.

Mwezi uliopita kompyuta ilikufa tena. Taratibu akabadilisha diski ya ndani, mimi nikachomeka ya nje. Dada alikuwa amekunja kitambaa cha mteja, mkasi uko kando.

"Imefika ngapi?"

"Mia."

Hakushika mkasi. "Umefungua?"

"Nimefungua. Bega kumi na sita, kiuno thelathini na mbili."

Ndipo akakata.