Kiatu cha Kulia

Kila asubuhi, kabla duka la viatu halijafunguliwa, Chiriku alifuta vumbi rafuni, kiatu kimoja baada ya kingine. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa wingi wa maneno yake. Alikuwa amemaliza shule, na siku ya kisa hiki ndiyo iliyokuwa ya mwisho katika mwezi wake wa majaribio. Jioni, mwenye duka angeamua: ama ampe kazi, ama amrudishe kwa wazazi mikono mitupu.

Duka lile lilikuwa na utaratibu wake. Rafuni viliwekwa viatu vya kushoto tu. Vya kulia vilikaa stoo, ndani ya makasha, kwa maana mwizi hana haja na kiatu kimoja. Tena palikuwa na sheria isiyo na mjadala: mteja hatoki mpaka amevaa vyote viwili, akasimama.

Saa saba kasorobo aliingia muuguzi.

"Mdogo wangu, nataka viatu vyeupe visivyouma. Zamu yangu inaanza saa nane, na huko hakuna kuketi."

Chiriku alimvisha cha kushoto, namba thelathini na tisa. "Dada, kimekukaa kama ulizaliwa nacho!"

"Wewe una maneno! Haya, nifungie upesi."

Chiriku alikimbilia stoo, akachomoa kasha, akatoa kiatu cha kulia na kukifunga pamoja na kile cha kushoto. Hakumwomba muuguzi ajaribu. Alichelea mteja asije akabadili nia.

Alipokuwa akipanga makasha, moyo ulimlipuka. Kasha la thelathini na tisa bado lilikuwa na kiatu chake. Lililokuwa tupu ni la thelathini na nane.

"Kaka, nimeua!" alimwambia muuzaji mwenziwe.

"Umemuua nani tena?"

"Muuguzi! Nimempa kiatu cha kulia kisichomwenea."

Kijana alitazama huku na huku. "Funga domo lako. Akirudi, tutasema alichagua mwenyewe. Leo ndiyo siku yako; usijichimbie kaburi."

Ushauri ule ulikuwa mtamu, na kwa kitambo Chiriku aliumung'unya. Kisha akamfikiria yule muuguzi akichechemea kati ya vitanda vya wagonjwa zamu nzima. Alikwenda moja kwa moja kwa mwenye duka, akasema yote.

"Ulimsimamisha kwa miguu yote miwili?"

"Hapana, Mama."

"Kwa nini?"

"Niliogopa asije akaghairi."

Mwenye duka alitazama saa ya ukutani. Ilibaki robo tu kufika saa nane. "Sasa unangoja nini? Hospitali si hapo nyuma ya posta? Chukua kiatu, uende!"

Chiriku alitimua mbio. Alimkuta muuguzi kwenye benchi la ukumbini, amevaa kiatu kimoja, cha pili kimegoma kisiginoni.

"Kumbe ni wewe! Nami nilidhani nimevimba mguu."

"Nisamehe, dada. Kosa ni langu." Alipiga magoti, akamvisha kiatu sahihi. Muuguzi alisimama, akatembea hatua tano, akageuka akitabasamu. Kengele ya zamu ikalia.

Chiriku alirudi dukani akitweta. "Mama, amevaa. Vimemkaa vyote."

"Vema. Kwa kuvunja sheria, utapanga stoo peke yako wiki nzima."

"Wiki nzima?" Chiriku alishika meza. "Yaani... sifukuzwi?"

"Nani kataja kufukuza? Kazi umepata."

Chiriku akajikuta ameketi kwenye kiti cha wateja, machozi na kicheko vimechanganyika. Muuzaji mwenziwe aliinamisha uso.

"Nisikilizeni nyote wawili," mwenye duka alisema. "Kupima mguu nitawafundisha, hata mara mia. Lakini muuzaji anayeficha kosa lake humfukuza mteja na jamaa zake wote. Anayelifuata kosa mpaka kwa mteja, akalirekebisha, huyo watu humrudia."