Doti za Bi Mwanahawa

Watu walioingia Jumba la Kisima, pale Tanga, walishangaa ubaridi unavyowafuata kila wanakokwenda. Siri ilikuwa darini. Huko kulipachikwa macho-joto, vidude vidogo kama kokwa za ubuyu, vinavyohisi joto la mwili wa binadamu. Palipo na mtu, ukuta ulipumua hewa safi ya baridi. Pasipo na mtu ulinyamaza, na umeme ukabaki kwenye betri. Madirisha yote yalizibwa kwa vioo viwili viwili. Jumba zee lililokuwa likila umeme kama fisi sasa lilitosheka na jua la paani kwake.

Aliyelifanyia ukarabati huo ni Mhandisi Sauda, na wallahi alistahili sifa. Mama yake, Bi Mwanahawa, aliuza khanga ghorofa ya pili, na kila mteja alipewa habari za bintiye kabla ya kutajiwa bei.

Siku moja mama alipiga simu.

"Mwanangu, huku kwangu kuna fukuto. Pumu inanisumbua."

Sauda akatazama ramani ya jengo kwenye kompyuta, inayowaka kila palipo na mtu. Duka la mama lilikuwa jeusi. "Mbona ramani inasema hakuna mtu dukani? Umetoka, mama?"

"Nitoke niende wapi? Si nimekaa hapa hapa!" Mama akacheka mpaka akakohoa. "Huo ukuta wako hauna adabu, haumjui hata bibi yake."

"Nitakuja kuangalia. Leo nina wageni wanaotaka kuliona jengo."

"Haya, fanya kazi yako, mama. Usijali."

Wageni wakaja. Sauda akawaonyesha kwenye ramani ule weusi wa ghorofa ya pili. "Hapa hatupotezi umeme hata chembe," alisema, nao wakapiga makofi.

Jirani wa duka ndiye aliyemkuta Bi Mwanahawa ameinamia meza, dawa ya kuvuta mkononi, amekwisha kufa.

Baada ya arobaini, Sauda alikwenda kulifunga duka. Doti za khanga zilining'inia mlangoni toka juu hadi chini, safu kwa safu, kama wauza khanga wote wafanyavyo. Jicho-joto la duka lilikuwa nje, kwenye dari ya ukumbi. Lilikuwa likitazama nguo tu.

Na Sauda, masikini, alikulia nyuma ya nguo zile zile! Alilala humo mchana, jasho likimtiririka, mama akimpepea kwa kipande cha boksi. Mhandisi gani mwingine alipaswa kukumbuka, kama si yeye? Alijichukia.

Akaanza kuzishusha, akizikunja kama alivyofundishwa. Aliposhusha ya mwisho, taa ndogo ya jicho-joto ikawaka na ukuta ukaanza kupumua. Sauda akakaa kwenye kigoda cha mama, akalia kwa sauti, na ukuta ukaendelea kumpepea.