Vanishi Haijakauka

Yalimpata rafiki yangu, fundi cherehani, naye si mtu wa kuzua. Kabati lililoachwa na wapangaji waliohama kwake lilikuwa dodo la kuokota chini ya mwarobaini, ingawa lilijaa chumba hadi kugusa dari. Alilipiga msasa, akapaka vanishi nje, kisha akaingia kumalizia ndani.

Mlango wa kabati ukajifunga. Akausukuma kwa bega. Ukasukumwa kurudi, taratibu, kama na mtu asiye na haraka. Gizani, mbao zililia juu ya kichwa chake. Alipiga kelele hadi sauti ikamkauka.

Dada yake, mwenye ufunguo wa pili wa nyumba, ndiye aliyeingia akamfungulia kabati.

“Mdogo wangu, mlango wenyewe hauna hata komeo. Na mbona umeshikashika vanishi mbichi?”

Zilikuwa alama za viganja viwili, kwa nje, juu kabisa ya mlango, karibu na dari, vidole vikielekea chini.