Sanduku la Barua la Marehemu

Haya yalimpata shemeji wa jirani yetu, mtu wa hesabu na mantiki, ambaye hata akisimulia ajali ya barabarani huanza na upana wa barabara. Alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya upimaji wa ardhi, ghorofa ya pili, chumba chenye dirisha linalotazama maegesho ya magari. Wenzake walimwita Fundi, basi.

Jumatatu moja, asubuhi tulivu isiyo na upepo, alimwingiza kazini mdogo wake wa kike, kitinda mimba wa mama yao. Nyumbani walimwita Chiriku, kwa kuwa tangu alipojua kusema hakujua tena kunyamaza. Alipewa meza ya masijala, iliyoachwa na mzee mmoja aliyefariki si muda mrefu. Mzee huyo alikuwa mkimya. Kwa miaka mingi alipokea na kujibu barua za ofisi nzima, akichapa kwa kidole kimoja.

Palikuwa na utaratibu katika ofisi ile. Mtu akiondoka, sanduku lake la barua pepe hufungwa, na anayeshika nafasi yake huombewa jipya makao makuu. Lakini makao makuu hawana haraka na mtu, na wateja walikwishaizoea anwani ya marehemu. Fundi akaona afupishe njia. Hakulifunga sanduku la mzee. Alilifuta jina lake, akaandika la mdogo wake mahali pale pale, akabadili nywila, akashusha pumzi.

"Kwa hiyo sasa mimi ndiye mzee wa masijala?" Chiriku alicheka. "Nikianza kukoroma mchana, kaka, usinilaumu."

"Fanya kazi. Mdomo utautumia nyumbani."

"Mdomo haugawanyiki, unakuja wote kazini."

Mdharau mwiba, guu huota tende. Kufikia saa nane mchana Chiriku alikuwa mlangoni pa kaka yake, mikono kiunoni. Programu ya barua pepe ilikuwa imemtoa nje, na kila akijaribu kurudi, seva ilimjibu neno lile lile: jina au nywila si sahihi.

"Umeiandika sawasawa?"

"Nimeiandika mpaka vidole vimeota sugu. Hiyo seva yako ina wivu kama mke mwenza."

Fundi aliamini kwamba kosa lolote lina chanzo, na chanzo hupatikana kwa kuondoa visivyowezekana. Alikagua anwani ya seva katika programu, ilikuwa sahihi. Alikagua mipangilio ya usalama. Haikuwa na kasoro. Alilinganisha saa ya kompyuta na saa ya seva, maana zikipishana sana, seva humkataa hata mwenyeji. Zilikwenda pamoja. Akalijaribu sanduku la Meneja wa ofisi kwenye kompyuta ya Chiriku, likafunguka. Akalijaribu la Chiriku kwenye kompyuta ya Meneja, likakataa. Basi ugonjwa haukuwa katika waya, wala katika programu, wala katika mashine. Ulibaki katika sanduku lenyewe.

Akaweka nywila mpya. Likafunguka. Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, likakataa tena. Akaweka nyingine. Ikadumu mpaka mchana uliofuata.

Meneja alipita akachungulia. "Fundi, mgonjwa ni mashine au ni mdogo wako?"

"Mashine, bosi. Mpaka sasa."

Alifungua kumbukumbu za seva, kule inakoandikwa kila hodi inayopigwa. Nywila ilikuwa ikibadilishwa na mtu aliyekwisha kuingia. Mtu huyo aliingia kupitia kompyuta ya Chiriku yenyewe, saa ya chakula, wakati masijala imefungwa na ufunguo uko mfukoni mwa Chiriku.

Basi siku iliyofuata, saa ya chakula, Fundi aliuazima ufunguo, akajifungia mle masijala, akaketi upande wa pili wa meza. Jua lilikuwa kali dirishani. Chini, dereva wa ofisi alikuwa akiosha gari huku akiimba. Hakuna lolote mle chumbani lililofaa kuogopwa.

Kidirisha cha nywila kikajitokeza chenyewe kwenye skrini.

Kikakaa kitupu. Kisha kidoti kimoja kikatokea. Kimya. Kidoti cha pili. Kimya kirefu zaidi, kama mtu anayetafuta herufi kwa macho hafifu. Kidoti cha tatu. Vitufe vya kibodi havikubonyea. Fundi aliviangalia vyote. Havikubonyea. Nafasi ikajaa, sanduku likafunguka, nywila ikabadilishwa. Halafu kiti cha Chiriku, ambacho hakikuwa na mtu, kikatoa mlio, kama kiti ambacho aliyekikalia anajiweka sawa.

Fundi akaufungua mlango, akarudi nyuma mpaka ukutani. Chiriku aliporudi hakumwona kaka yake pale ukutani, au alimwona asimjali. Aliketi. Hakuuliza nywila mpya. Alinyoosha kidole kimoja, akaiandika taratibu. Sanduku likafunguka.

"Nani amekupa nywila?" Fundi alinong'ona.

Hakugeuka. "Kijana, niache nifanye kazi."

Kijana. Maishani mwake hakuwahi kumwita jina lolote ila kaka.

Jioni mama yao alimvuta Fundi jikoni, akafunga mlango kwa mgongo.

"Mdogo wako hasemi. Amerudi, amekaa, ametazama ukuta. Nimemtania, hakucheka. Nimemtukana, hakucheka vilevile."

"Amechoka, mama. Kazi ngeni."

"Chiriku achoke kusema? Mwanangu, nilikukabidhi mtu. Nirudishie yule niliyekukabidhi."

Fundi hakulala. Alipiga hesabu. Sanduku moja, majina mawili. Marehemu hakufungiwa sanduku lake, kwa hiyo hakuwa ameondoka. Na kila nywila aliyoiweka ilikuwa mlango mwingine aliomfungulia. Jawabu lilikuwa moja tu. Sanduku lifungwe na kufutwa, kama lilivyopaswa kufungwa tangu mwanzo. Mzee aende zake, msichana abaki.

Hesabu ilikuwa safi. Ila kuna jambo moja hakujiuliza: kufikia asubuhi ile, kati ya wawili wale, ni yupi aliyekuwa ndani ya sanduku, na ni yupi aliyekuwa kitini.

Alilifuta sanduku mapema, wafanyakazi wakiwa bado wanasalimiana koridoni. Seva ilimuuliza kama ana hakika. Akakubali. Ikamwonya kwamba kilichofutwa hakirudi. Akakubali. Kisha akakimbilia masijala.

Chiriku alikuwa ameketi wima, mikono mapajani. Alimtazama Fundi kwa upole, kama mtu mzima anavyomtazama mtoto aliyemletea maji.

"Ahsante, kijana," alisema polepole. "Mle ndani mlikuwa na giza sana."

Madaktari walimpima mpaka vipimo vikaisha. Mwili ulikuwa mzima. Mama alimpokea nyumbani, akamwogesha, akamlaza. Usiku wa kwanza mama alitoka chumbani akakaa sakafuni karibu na mlango wa Fundi.

"Yule si wangu," alinong'ona.

Siku ile ile sanduku lilipofutwa, katika kumbukumbu za seva, hodi zilianza upya. Jina lilikuwa la Chiriku. Mahali panapoandikwa kompyuta iliyotumika palikuwa patupu. Nazo hazikupigwa polepole. Zilifuatana mbiombio, moja juu ya nyingine, kama mtu anayegonga mlango kwa viganja vyote viwili. Na kila moja ilipata jibu lile lile: jina au nywila si sahihi.

Fundi alifanya jambo ambalo kanuni za kazi yake zinalikataza. Aliiamuru seva ihifadhi herufi zenyewe zinazoandikwa mahali pa nywila. Akasubiri. Hodi ikaja. Akasoma.

kakanifungulie

Akasoma iliyofuata. Kaka, nifungulie. Na iliyofuata.

Alitengeneza sanduku jipya. Akalipa jina la mdogo wake. Akaweka nywila ile ile, herufi kwa herufi: kakanifungulie. Akangoja. Hodi ikaja. Herufi zililingana zote. Seva ikakataa.

Akakagua anwani. Sahihi. Akakagua usalama. Sahihi. Akakagua saa. Zilikwenda pamoja. Akaijaribu mwenyewe nywila ile, ikamfungulia papo hapo. Akatoka, akampisha. Hodi ikaja. Ikakataliwa.

"Mdogo wangu," aliiambia skrini, "sijui nimekosea wapi. Nimeangalia kote."

Meneja alimkuta hapo. Alisoma skrini juu ya bega lake, akarudi nyuma bila kugeuka, akaufunga mlango taratibu.

Hodi zikapungua. Zikawa za mara moja moja. Kisha ikaja moja tu, na haikuwa na maneno yale.

kakahumukunawatuwengi

Baada ya hapo, hakuna.

Fundi aliacha kazi. Nyumbani, aliye katika mwili wa Chiriku hukaa barazani mchana kutwa, mkimya, mstaarabu, hamsumbui mtu. Mama humpa chakula pasipo kumtazama usoni.

Lile sanduku jipya lingali pale kwenye seva, kwa maana fundi aliyemfuata hakuthubutu kulifuta. Amelifungua mara nyingi kulichungulia. Ni tupu kabisa. Halijawahi kuingia barua hata moja. Lakini kila mtu anayeliandikia hurudishiwa barua yake, na seva humjibu kwamba sanduku limejaa.